Chungu cha Miguu Mitatu

Wifi yangu Evanthia alipika katika mgahawa wao zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo hakuwahi kuyaona magofu ya kasri yaliyoko ng'ambo ya kilima chetu. Si mbali. Upepo ukivuma kutoka kusini unasikia mabasi ya wageni yakibadilisha gia kwenye kona. Lakini wageni huja kiangazi, na kiangazi yeye yuko jikoni. Baridi ikiingia kuna zeituni za kuchuma, na hapa Krete mtu aliyeinama chini ya mizeituni wiki nzima hatoki Jumapili kwenda kutazama mawe.

Basi kasri alilijua kwa kusimuliwa. Mimi ndiye niliyepeleka sahani mezani, na kila niliporudi jikoni aliniuliza wale wa pembeni wametoka wapi leo, wameona nini. Watu wakipungua alitoka mwenyewe, akavuta kiti, akasikiliza habari za korongo letu, lile bonde jembamba la miamba, na tai wake kama anayesimuliwa nchi ya mbali. Mumewe Manousos hakuchoka kumtania.

"Huyu mke wangu," aliwaambia wageni, "ndiye mtalii pekee kisiwani asiyelipa chumba."

Kilichomtoa jikoni ni Godelieve, Mbelgiji mmoja aliyekuwa akija kila Oktoba na mumewe. Mwaka ule alikuja peke yake, amevaa nyeusi. Alituambia angependa kwenda kasrini kwa miguu kupitia korongoni, kama walivyozoea wawili wao, ila anaogopa kuteleza bila mtu karibu. Evanthia akafungua aproni.

"Manousos, leo unapika wewe."

"Nipike nini mimi?"

"Mayai. Hayo hata wewe unayaweza."

Niliufuata msafara nimebeba maji na mkate. Tulikwenda polepole mno, maana Evanthia alisimama kila hatua. Majani ya kutia kwenye nyama, aliyoyajua yakiwa makavu ndani ya mkebe, aliyakuta yameota kwenye ufa wa mwamba, akayanusa kwa muda mrefu kama hayaamini. Tai walipopita juu yetu alikaa chini kabisa ili awatazame. Godelieve alituonyesha jiwe ambalo mumewe alipenda kupumzikia, na hapo tukala. Evanthia alimwuliza Godelieve marehemu mumewe alipenda kula nini. Akajibiwa: konokono wako wa kukaanga na siki. Wakacheka, kisha Godelieve akalia, na Evanthia akamkatia jibini.

Kasrini kuna kuta fupi, sakafu za mawe yaliyolainika, na mitungi mirefu kuliko mtu. Wageni walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wenye nguzo. Evanthia aliupita akamwendea mlinzi, kijana wa kijiji cha pili aitwaye Myron, akamwuliza jiko liko wapi.

"Mama, watu wote huniuliza mfalme alikaa wapi," Myron akasema. "Jiko sijaulizwa bado. Nadhani wewe ndiye wa kwanza."

Alisema wachimbaji wenyewe wanabishana juu ya hilo, lakini akatupeleka kwenye chumba kidogo chenye makabati ya vioo. Mle ndani kulikuwa na chungu cha miguu mitatu, tumbo lake jeusi kwa masizi. Evanthia aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. Alikaa hivyo hadi nikaona haya mbele ya watu.

"Huyu aliunguza chakula," akasema hatimaye. "Upande huu. Aliitwa na mtu, akageuka."

Njiani kurudi hakuzungumza jambo jingine. Aliyeitwa alikuwa nani? Alikuwa na wifi wa kumsaidia? Moto aliuwasha kwa kuni gani?

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mfinyanzi wetu, mzee Iordanis, akamchorea chungu kile kwa kidole kwenye vumbi la karakana. Cha kwanza kilipasuka juu ya makaa, dengu zote zikamwagika na kuzima moto. Iordanis akasema udongo ulihitaji mchanga mwingi zaidi. Cha pili kilivuja. Cha tatu kikashika.

Siku hiyo alitukalisha uani wote, na Iordanis naye. Alikuwa amempigia simu Myron kumwuliza vitu gani havikuwepo zama za watu wa kasri, na kila kilichotajwa akakiacha: nyanya, pilipili, limau. Akapika dengu kwa mafuta ya zeituni, giligilani na konokono. Zilikuwa na ladha ya moshi na udongo, nzito, tamu kwa namna nisiyoizoea. Manousos alionja, akaomba limau.

"Walikuwa hawana limau."

"Ndiyo maana wakaisha," akasema Manousos, lakini alimaliza sahani yake, akaongeza nyingine.

Evanthia hakucheka. Alikuwa akitafuna polepole, macho ameyafumba, uso wake kama wa mtu anayesikiliza chumba cha jirani.

Tangu hapo zeituni zikishakamuliwa wanafunga mgahawa siku kadhaa, wanazunguka kisiwa kwa gari lao bovu. Manousos hulalamika njia nzima. Majuzi waliniita twende pamoja hadi mji mmoja wa kale ulioko pwani ya mashariki, vijumba vidogo vidogo na vichochoro. Evanthia alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, anapitisha kiganja palipochimbika. Mumewe alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni, akiangalia mtaro mwembamba uliochongwa kuteremka barabarani.

"Haya maji," akaniuliza kwa sauti ya chini, "walikuwa wanayatoa wapi?"

Nilimwambia sijui. Akaanza kuufuata mtaro kupanda kilima.