Sauti Yangu Ndiyo Iliyomsafisha Kocha

Tafadhali nificheni jina. Mfanyakazi wa jirani yetu anasoma ukurasa huu hata akikaanga vitunguu, na akinitambua nimekwisha.

Mimi ni Mkenya wa miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu. Nafanya kazi ya nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Safa, na huu ni mwezi wa ishirini. Kwetu waliniita Redio kwa sababu sijui kunyamaza. Lakini hili nimelinyamazia mwezi mzima na linanila.

Binti wa madam, nitamwita Lulu, ana miaka kumi. Anacheza ule mchezo wa kushangilia, wasichana wanarushwa juu, wanadakwa, wanapiga sarakasi. Madam yuko kazini mchana, kwa hivyo mara nne kwa wiki dereva anatupeleka mimi na mtoto ukumbini. Ni ukumbi wa wanawake peke yao. Simu tunaziacha mlangoni, na anayepiga video ni kocha peke yake. Kina mama anawatumia zile za kucheka tu.

Sisi wafanyakazi tunakaa kwenye benchi. Kocha ana watoto wengi na msaidizi mmoja, basi akaanza kutuita tuwabonyeze wasichana mgongoni wakipiga msamba, ili wafike chini kabisa. Mnajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Katika nchi ambayo naitwa tu nikihitajika kuosha kitu, nilijiona na mimi mtu. Niliona mtoto aliyelia akisimamishwa akiangalia ukuta. Niliona wakinyimwa maji mpaka mchezo utoke bila kosa. Nikajiambia ndivyo michezo ilivyo, hata mimi shuleni nilikimbizwa kwa kiboko. Ujinga wangu huo.

Siku moja mwezi uliopita kocha aliweka mguu wa mbele wa Lulu juu ya godoro, akaniita nibonyeze. Lulu akageuza shingo akaniambia, "Pole pole, khala." Khala ni mama mdogo kwa Kiarabu, lakini hiyo "pole pole" nilimfundisha mimi, akinywa supu ya moto. Nikamtazama kocha. "Yalla, bonyeza! Mafi kalam!" Yaani haya, hakuna maneno. Nikabonyeza. Nilisikia kitu kimeachia chini ya mkono wangu, nyuma ya paja, na mtoto akapiga ukelele ambao sitausahau. Kocha alimwekea barafu kidogo, akamsimamisha, akamwambia atabasamu, akampiga video. Madam alijibu kwa mioyo mitatu myekundu.

Kwenye gari Lulu alinishika mkono. "Khala, usimwambie mama. Kocha amesema anayelalamika haendi Riyadh kwenye mashindano. Na mama akijua ni wewe ulibonyeza, atakurudisha kwenu." Mtoto wa miaka kumi ananihurumia mimi! Nikamwambia madam kwamba Lulu ameteleza bafuni. Baba wa nyumba alinigombeza kwa kutokausha sakafu, na kesho yake wakanunua mkeka wa mpira. Kila nikiukanyaga najiona mwongo. Tangu hapo namfunga paja kwa kitambaa nilichochana kwenye leso yangu, ndani ya suruali ya mazoezi, na anachechemea mama yake asipoangalia.

Nilimweleza mwenzangu wa kwenye benchi, naye ni wa kwetu. Akanijibu, "Wewe wacha mambo ya watu. Ukisema, watasema ni wewe ulimuumiza, na hapo si kurudishwa tena, ni polisi. Kwani huyo umemzaa wewe?" Sikumzaa. Lakini asubuhi namsuka nywele mimi, na akiumwa ananiita mimi.

Sasa sikilizeni lililonifunga kabisa. Wiki iliyopita mama mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba kocha anawatesa watoto, na binti yake amevimba goti. Wenzake walimrukia. Madam wangu alikuwa jikoni, amekasirika, akasema, "Mimi nina shahidi." Akanisogezea simu huku inarekodi. "Wewe unakuwepo kila siku. Kocha anawatesa watoto?"

Lulu alikuwa mezani anakula. Aliacha kijiko akaniangalia.

Nikasema, "La, madam. Kocha mzuri sana. Watoto wanafurahi."

Madam aliituma hapo hapo. Yule mama ameitwa mzushi na amemwondoa mtoto wake. Mwenzangu anasema sauti yangu imesambazwa mpaka kwa wazazi wa ukumbi mwingine. Mama yule peke yake ndiye aliyesema kweli, na mimi Redio ndiye niliyemzima.

Mashindano ni Alhamisi. Lulu ndiye anayerushwa juu kabisa, na mimi nasafiri naye kumbebea mizigo. Nikifungua mdomo leo, madam ataniuliza habari ya mikono yangu, ya bafu, ya sauti. Kafili wangu, yule anayenidhamini nchini, ni mume wake, ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko kwake, na nimebakiza miezi minne tu niwaone wanangu. Nikinyamaza, mtoto anarushwa hewani na mguu ambao mimi mwenyewe nimeuona haumshiki.

Leo mchana nilikuwa napanga nguo zake za Riyadh. Akaja akakaa juu ya begi, akaniuliza, "Khala, utakuwa pale chini? Nikianguka utanidaka?"

Nikamwambia ndiyo. Wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia uwanjani, tutasubiri nje na mifuko. Yeye hajui, na ameamini.

Dada zangu na kaka zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini kabla ya Alhamisi niambieni: naanzia wapi kusema?