Sanamu wa Mjomba

Kazi ya kwanza ya kijana yule, na kwa kweli ya pekee, ilikuwa kusimama. Mjomba wake alikuwa fundi cherehani, bahili kupindukia, na hakuona kwa nini anunue sanamu ya kuvalisha nguo ilhali dada yake mjane alishamzalia moja. Mtaani tukamwita Sanamu, naye akaitika.

Futi kamba ya fundi ilining'inia shingoni kama pambo tu. "Futi inadanganya," alikuwa akisema. "Mwili hausemi uongo." Kwa hiyo kila suruali ilivishwa Sanamu na kurekebishwa mpaka imkae Sanamu. Alipougua homa akakonda, wanaume wa mtaa mzima tulitembea tumebana pumzi. Tulipolalamika, fundi alituambia tupunguze kula.

Vita vikaja, na askari wakawa wanapita nyumba hadi nyumba kuchukua vijana. Mama mtu hakuwa na mtoto mwingine. Akamfundisha mwanawe kukohoa, na kijana ambaye hakuwahi kujifunza lolote kwa bidii akafuzu mara moja. Afande mwenye masharubu alipofika, Sanamu alikohoa ameegemea ukuta hadi afande akaziba pua.

"Huyu ataniambukizia kikosi kizima," akasema, akaenda nyumba ya pili. Huko alimchukua mwanangu, ambaye kukohoa hakujui. Roho iliniuma, sifichi. Lakini siri ya mama yule niliitunza.

Kisha jeshi likampa mjomba kazi ya kushona sare.

"Kaka, afande akija kukagua, mwanangu asitoke nyuma ya pazia," mama alimsihi.

"Dada, kwani mimi mtoto mdogo?"

Afande akaja, yule yule wa masharubu. Akavuta mshono wa suruali, akaguna. "Hizi zitapasuka siku ya kwanza."

Angemtukania ukoo mzima, mjomba angemeza. Lakini mshono wake!

"Zipasuke? Mpwa wangu, hebu njoo!"

Pazia likafunguka. Sanamu akatoka amevaa sare kamili, kwa kuwa tangu utotoni akiitwa na mjomba alijua kitu kimoja tu, kuja kusimama.

"Chuchumaa! Inuka! Ruka! Kimbia mpaka kwenye kona, urudi!"

Akakimbia, akarudi, wala hakuhema. Hakuna uzi uliochomoka.

"Umeona, afande?" Mjomba alikuwa anang'aa. "Chema chajiuza."

Afande akamzunguka kijana taratibu, akampigapiga kifuani. "Na kile kikohozi?"

Ndipo Sanamu akakumbuka kukohoa. Alikohoa vizuri sana, masikini, kuliko siku ile ya kwanza.

Hakuruhusiwa hata kubadilisha nguo. Mama alipopata habari alikwenda dukani, akaishika sare moja, akageuza pindo akalitazama. "Umeshona vizuri, kaka," akasema, akaenda zake. Sare zilizobaki mjomba alizishona kwa kuukumbuka mwili ule.

Siku malori yalipopita kuwapeleka vitani, nilisimama na mama yule kando ya barabara. Vijana walikuwa wametupa mgongo, na kila mgongo ulikuwa wa mwanawe. Hata wangu sikumjua. Mama akahangaika kutazama huku na huku, kisha akapaza sauti:

"Mwanangu!"

Lori zima likageuka.