Maoni ya Watu Kuhusu Kitabu Nilichokishona

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu kama kawaida, akawasha jiko, akabandika maji ya chai. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani natafuta miwani.

"Iko kichwani, mzee," akasema kutoka jikoni. Hata hakuwa amenitazama.

Ilikuwa kichwani.

Tulikaa mezani. Mkate ulikuwa umekatwa, siagi upande wake tu, maana mimi daktari alinikataza. Kati ya vikombe aliweka vikaratasi alivyokuja navyo kutoka kazini. Ndivyo tulivyoanza siku kwa miaka mingi.

Alikuwa fundi wa vitabu katika maktaba ya mtaa wetu. Kitabu kikichanika, kikilowa, kikiachana na jalada lake, kilipelekwa kwenye meza yake ya nyuma, karibu na dirisha. Walimwita Bi Gundi. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Jumatatu iliyofuata akarudi kazini. Hawakujua wamwambie nini, wakamwachia meza yake.

Vikaratasi vile vilikuwa mambo yake. Kila kitabu alichokitengeneza alikibandikia mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma. Ukikirudisha, unaandika maoni yako, unatumbukiza humo. Jina huandiki, unaandika kazi yako tu. Alisema mtu akiandika jina anasifu, asipoandika jina anasema kweli.

Mimi shule sikuingia. Ni fundi viatu, na herufi nilifundishwa na yeye, kwa vikaratasi hivyo hivyo, nikiwa nimeshaota mvi. Kwa hiyo maoni nayasoma, polepole. Kitabu kizima sijawahi kusoma hata kimoja. Hadithi za mambo yasiyokuwepo zilikuwa hazinikai. Watu wakibishana, hapo nasikiliza.

Na kitabu walichobishania kuliko vyote kilikuwa kimoja cha zamani cha Warusi, kilichotafsiriwa. Kinahusu fundi mitambo aliyepanda chombo kwenda kwenye nyota ya mbali, akamwacha mkewe duniani. Safari ni ya miaka na miaka. Hayo nayajua kwa maoni ya watu.

Asubuhi ile alinisomea vitatu vya kitabu hicho. Alikuwa anaviweka kando ya sahani kimoja kimoja.

"Dereva wa lori," akasema. "'Huyu bwana amefika kwake katikati ya kitabu, mkewe amezeeka, wameonana vizuri. Nageuza ukurasa, yuko angani tena. Hata likizo hana?'"

Nikacheka. Malalamiko hayo hayakuwa mapya. Miaka yote watu walishangaa kwamba yule mtu anarudi katikati, na mwisho wa kitabu yuko peke yake kwenye chombo anatazama taa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kujaza karatasi mbele na nyuma, kwamba huko juu wakati haunyooki kama wetu, na Warusi wameupanga hivyo makusudi. Chini yake mtu akaandika, "Mwalimu, pumzika."

"Muuza duka," akaendelea mke wangu. "'Majina marefu mno. Nimewaita Mrefu, Mfupi na Daktari, tukaenda vizuri.'"

"Huyo ana akili."

"Ana akili kukushinda wewe. Wewe ungeacha kwenye jina la kwanza."

Cha tatu alikifungua, akakitazama, akakikunja. Akakitia kwenye mkoba.

"Hicho kinasemaje?" nikauliza.

"Kinasema kitabu kizuri."

"Nani huyo?"

"Fundi saa. Kunywa chai inapoa."

Akavaa viatu vyake vya kahawia. Kisigino cha kushoto nilikuwa nimekibadilisha juzi yake, akakipigapiga sakafuni kukijaribu, akasema kimekaa. Akaenda kazini. Ilikuwa Jumanne. Saa nane mchana alilalamika kifua mbele ya meza yake, wakampeleka hospitali. Alhamisi tukampoteza.

Wiki ya tatu binti yetu mkubwa alikuja kupanga nguo za mama yake. Mkoba nilimwambia auache. Alipoondoka nikaufungua mwenyewe. Kulikuwa na kitana, funguo, leso, chupa ndogo ya gundi iliyokauka mdomoni, na kile kikaratasi.

Nilikaa nacho dirishani. Mwandiko wa fundi saa ni mdogo kama kazi yake. Kilinichukua muda. Kilisema hivi: "Nimekisoma kitabu hiki hiki kwa shemeji yangu, mji mwingine. Kule sura ya mtu kurudi kwake ndiyo ya mwisho kabisa. Hapa imewekwa katikati. Hilo ni kosa la aliyekishona. Mwangalieni fundi wenu."

Aliyekishona ni mimi.

Miaka ishirini na miwili iliyopita paa la maktaba lilivuja. Vitabu vingi vililowa, na mke wangu akaleta kazi nyingine nyumbani. Kile cha Warusi kilikuja kimeachana, mafungu kumi na mawili ya kurasa, chini yameoza kwa maji. Sindano zake hazikuweza karatasi nzito namna ile. Akayapanga kwenye ubao wangu wa kazi, la kwanza mpaka la mwisho. Akaniambia nikate sehemu iliyooza kwa kisu cha ngozi, kisha nishone kwa sindano ya viatu na uzi wenye nta.

Nikakata. Namba za kurasa zilikuwa huko chini, zikaenda na takataka. Kabla sijashona akaingia mteja, mama mmoja mwenye haraka, anataka ndala zake zilizokatika mkanda. Nikayahamishia mafungu kwenye kiti, nikamtengenezea ndala, nikayarudisha ubaoni. Wakati ule herufi sijazijua, kwangu mimi kurasa zote zilifanana. Nikashona. Nilishona imara. Mke wangu alikipokea, akakifungua, akakaa nacho muda pale mlangoni. Nikamuuliza kama kuna ubaya.

"Uzi mzuri," akasema.

Na alikuwa anakijua. Aliwahi kuniambia kwamba kitabu hicho alikisoma akiwa msichana, mara mbili, kabla hatujaonana. Kwa hiyo aliliona kosa siku ile ile, akaninyamazia. Miaka ishirini na miwili ananisomea watu wanavyohangaika, dereva, mwalimu, muuguzi, nami nacheka na wao, nasema Warusi wana mambo. Kumbe wanahangaika na kosa langu.

Hilo halikunitoka. Nilijiuliza kama alikuwa ananionea haya. Mtu anaficha karatasi mezani kwake, mbele ya mumewe, kwa nini? Kazi yake yote ilikuwa kuvirudisha vitabu kama vilivyokuwa. Na kile alichokipenda zaidi nilikiharibu mimi, naye kila mwaka anakiweka rafuni kilivyo.

Siku mbili sikufungua kibanda changu cha viatu. Ya tatu nikachukua sindano, uzi, nta na kisu, nikaenda maktaba.

Mkuu wa maktaba ni mwanamke wa rika la binti yetu. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kufanya kazi moja, kisha nakwenda."

Nikampa kikaratasi. Akakisoma, akanitazama, akaona na sindano mkononi.

"Umekuja kukifumua," akasema.

"Nakifumua, nalipeleka lile fungu mwisho. Wewe unanionyesha ni lipi. Saa moja tu."

Alinipeleka kwenye meza ya nyuma. Hawajampa mtu mwingine. Brashi zake zilikuwa kwenye kopo, nywele juu. Kitabu kilikuwa hapo hapo, jalada la kijivu, mfuko wa nyuma umevimba kwa maoni. Nilikishika mgongo. Uzi wangu haukuwa umelegea hata tundu moja. Nikatoa kisu.

"Subiri, baba," akasema mkuu. "Kaa kwanza."

Nikakaa kwenye kiti cha mke wangu. Ni kifupi, magoti yanapanda.

"Fundi saa alikuja na hapa pia," akasema. "Jumatatu ile. Hakutosheka na kikaratasi, alikuja kugomba pale kaunta. Kesho yake asubuhi nikamfuata Bi Gundi hapa mezani. Nikamwambia tukitengeneze, watu wanasoma kitabu kilichokosewa."

"Akasemaje?"

"Alicheka kwanza. Akaniambia analijua hilo kuliko fundi saa, na kwamba aliyekishona ni wewe. Kisha akaniuliza kama nimekisoma. Nikasema bado. Akasema nisitoe amri juu ya kitabu nisichokisoma."

Hapo nikamsikia kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema na watu.

"Nikamuuliza kwa nini hakukuambia wewe miaka yote hiyo," mkuu akaendelea. "Akasema ukijua utakuja na sindano."

Sindano ilikuwa juu ya meza, mbele yetu wote wawili. Nikairudisha mfukoni.

"Nimekisoma sasa," akasema mkuu. "Baada ya msiba. Nilitaka nijue. Ile sura ya kurudi, yule mtu anafika mlangoni, mkewe ni bibi kizee, anafungua, na neno la kwanza anamwambia avue viatu, ndani kumepigwa deki."

"Hilo sikulijua," nikasema. "Hakuna aliyeliandika."

"Bi Gundi alilijua. Siku ile aliniambia jambo, na alipougua mchana nikaliandika nisilisahau."

Akafungua daftari lake, akalisogeza upande wangu. Nilitaka kumwambia anisomee. Kisha nikavuta miwani kutoka kichwani, nikasoma mwenyewe, neno moja moja:

"Usikifumue. Mzee wangu alivyokishona, ukifika mwisho na yule mtu yuko peke yake huko angani, huna wasiwasi naye, maana ulishamwona akiambiwa avue viatu mlangoni."