Mfupa Ulioombewa Ruhusa

Nadège Kavira alikuwa na mdomo, acha tu. Pale sokoni Kirumba meza yake ya unga ilikuwa jirani na yangu, na nilimsikia tangu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahema, mpaka malori ya Butembo yanawasha taa. Aliweza kukuuzia unga wako mwenyewe, nawe ukashukuru. Nilimwonea wivu, sioni aibu kusema.

Mdomo huohuo ulimponza. Mwaka 1999, vita ikiwa imekaa barabarani kama mwenye nyumba, askari mmoja alijichukulia unga bila kulipa, naye Nadège akamwambia mbele ya watu kwamba mama yake hakumlea. Kitako cha bunduki kikamvunja taya la kushoto. Jeraha likaoza, zahanati ikatoa vipande vya mfupa, pengo likabaki, na uso ukaingia ndani upande mmoja. Kwa miaka mitatu alikunywa uji na supu. Alikonda. Maneno yake yakawa yanatoka yamelowa, nusu nusu, hata wateja wakaogopa kumwuliza bei.

Nilizoea kumwona ameketi mezani, macho yake yako mbali milimani, kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili. Ilikuwa miaka ya namna hiyo. Watu walipotea, wengine wakarudi, na ukungu ulipoinuka hukujua utaona nini.

Kisha tukasikia kwamba hospitali moja ya Butembo imepata daktari wa mataya, Docteur Urbain, mtu wa Kisangani. Nikaenda na Nadège kama garde-malade wake, wa kumpikia na kumwuguza, maana mumewe Paulin ni mtu mwema lakini hata uji unamshinda kupika.

Daktari alimbonyeza uso polepole.

"Hapa mufupa ilikwisha," akasema. "Tutakata kipande ku kiuno, tutaweka mu ile pengo, tutafunga meno na waya mpaka ishikane. Atakula, atasema."

Kiuno! Nikamwona Paulin ameinamisha kichwa. Kwetu tuliamini kwamba kiuno cha mke ndicho kinachomshika mtoto, na wale wawili walikuwa hawajapata mtoto bado. Tena mbuzi wa mahari walitoka zizini kwa Mama Adèle, mama yake Paulin, kule Vuhovi, kwa hiyo naye alikuwa na neno.

"Mbele ya kukata, lazima Mama ajue," Paulin akasema.

Nadège alitaka taya, alitaka mtoto, na sasa alikuwa anaombwa achague kimoja. Nilitamani kumpiga mtu, sijui nani.

Habari zikapelekwa. Mama Adèle akaja kwa miguu, matope mpaka magotini. Nilijiandaa kwa ugomvi, kwa sababu nilimjua mama huyo: ulimi wake pilipili. Aliingia, akamtazama mkwewe muda mrefu bila salamu, kisha akamgeukia daktari.

"Docteur, huyu mutoto hajazala bado. Mi nilishamaliza kuzala. Ukate ya mi."

Akalegeza kitenge kidogo, akaugonga mfupa wa kiuno chake kwa kidole.

Docteur Urbain akavua miwani. "Mama, mwili yake itakataa mufupa ya mutu mwingine. Lazima ikuwe yake. Na pale ninakata ni ku ukingo ya juu tu, haigusi fasi ya mutoto. Mais siwezi kukuahidi mutoto. Mi ni wa mataya."

Nilimpenda kwa jibu lile. Mama Adèle akatoka, akaegemea ukuta, manyunyu yakimwangukia kichwani. Paulin alimfuata, akarudi peke yake. Mama Adèle aliporudi mwenyewe, alisema neno moja.

"Mukate."

Nadège akadungwa ile sindano ya usingizi, ya kuotesha ndoto. Wagonjwa wote waliijua: macho yanabaki wazi, mwenyewe ameshakwenda zake. Baadaye alinisimulia kwamba aliiona barabara yetu ya kwenda Kayna imefunikwa unga badala ya vumbi, nyeupe, kimya, hakuna lori wala askari. Alikuwa anatembea na mtoto mgongoni, mzito, wa moto. Kila alipogeuza shingo amwone uso, mtoto naye aligeuka. Hakuogopa. Alitaka tu kuendelea kutembea.

Akaamka analia. Meno yamefungwa kwa waya, hawezi kutamka. Mikono yake ikaenda mgongoni, ikapapasa, ikarudi mitupu, akatuonyesha. Mimi sikuelewa. Mama Adèle alielewa. Akaketi ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji, mrija ndani yake.

"Sikia," akamwambia. "Pengine atakuya. Kama hakuye, mi njo nitakuwa mutoto yako. Nitazeeka, utanilisha, utanibeba, utanigombeza. Sasa kunywa."

Nadège akamtazama, machozi yakilowesha bandeji. Mimi nikageukia dirishani, maana nilikuwa nimeshindwa kujizuia. Nyuma yangu nikasikia mrija ukivuta.