Mwanya wa Baiskeli, Njia ya Kosele

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya barabara mjini Migori nilifika kabla ya mlinzi kufungua lango. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi. Huko nilianza kwa kubeba kokoto kwenye majengo ya watu, nikamaliza nikiwa na diploma ya ujenzi wa barabara, niliyoisomea jioni baada ya kazi bila msaada wa mjomba wala barua ya mkubwa. Msimamizi wa Barabara, mzee mfupi mwenye sauti ya kengele, alinitazama viatu kwanza.

"Wewe ni injinia?"

"Fundi sanifu, mzee. Lakini wa diploma."

"Diploma haichimbi mtaro," akasema, akanipa gambuti na futi ya kupimia.

Nilichimba, nikapima. Mwaka haukuisha kabla sijawa mtu wa kwanza kuitwa palipohitajika kipimo cha uhakika. Nasema hivi wakati wenzangu wa siku zile wengi wako hai, na anayebisha aje.

Baadaye nilihamishiwa Rongo, chini ya Afisa wa Mipango. Huko ndiko nilikojua barabara huanzia kwenye karatasi. Kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na jambo lisipoandikwa humo halipati fedha hata likiwa jema namna gani. Nilijifunza pia kuipangia matumizi hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya pembeni ambayo ni mali ya barabara ingawa watu hupanda mahindi juu yake. Kila asubuhi niliona malori ya miwa yakiwasukuma waendesha baiskeli mtaroni. Nikaandika pendekezo la njia yao peke yao. Afisa wa Mipango alilisoma hadi mwisho, akacheka.

"Watu wananunua pikipiki, wewe unawarudisha kwenye ndiga, hizi baiskeli?"

Hakulikataa, lakini hakulipeleka popote. Nilipopata nafasi ya kuchora ramani za barabara upande wa Homa Bay, nilihama nalo chini ya kwapa.

Mhandisi wa huko, mama mtaratibu tuliyemwita Madam, alilikubali kwa sharti. Tungejenga kwanza kipande cha majaribio cha kilomita moja, kwenye njia ya kuingia soko la Kosele. Kamati ya wawakilishi wadi ingekuja kukikagua. Ikiridhika, fedha za sehemu iliyobaki zingeingia kwenye bajeti. Isiporidhika, zingejenga maegesho ya pikipiki.

Sheria inataka wananchi waulizwe kabla ya kujenga. Niliita mkutano siku isiyo ya soko, ili wachuuzi wapate nafasi. Walijaa. Baiskeli zao zilipangwa ukutani mwa kanisa, nami nikapima usukani wa kila moja huku wakinishangilia. Kutokana na vipimo hivyo nilichora nguzo fupi za saruji mwanzoni mwa njia, zenye mwanya wa kupitisha baiskeli na kuzuia pikipiki. Mchoro ulikuwa safi. Sijaona safi kuliko huo.

Siku ya soko ya kwanza baada ya kumaliza, nilisimama kando nikingoja kushukuriwa. Akaja Ochola, muuza kuku, tenga limelala kwa upana juu ya keria, limejaa majogoo. Alifika kwenye nguzo, akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Injinia, omera, ndugu yangu, ulipima ndiga ya nani?"

"Yako. Ile siku ya mkutano."

"Siku hiyo nilikuja kusikiliza, sikuja na kuku." Akaligonga tenga. "Hii ndiga bila kuku haitoki nyumbani. Sasa nipite mimi, kuku wazunguke?"

Waliokuwa nyuma yake walicheka. Mmoja alikuwa na kreti za mkate, mwingine magunia ya mkaa. Wote waligeuza, wakarudi kwenye lami, na lori la mchanga likapita likiwapigia honi. Njia yangu ilibaki tupu, inang'aa.

Kamati ilikuwa inakuja juma lililofuata. Nilimweleza Madam. Meneja wa Mradi, aliyekuwepo, alikuwa na dawa tayari: "Tuwaambie kamati wachuuzi hawajazoea. Hawa watu hawana nidhamu. Nani atabisha?"

Madam alinigeukia. "Nani alipima?"

"Mimi."

"Barua ya kukupandisha cheo iko mezani kwangu. Ukiandika kwamba kipimo kilikosewa, sitaweza kuitia sahihi mwaka huu. Huenda hata mwaka ujao. Unaelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Cheo hicho nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu, hata kanisani. Nilikwenda mezani kwangu, nikakaa mbele ya karatasi muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya mtihani wowote. Kisha nikaandika mistari minne: kipimo kilifanyika kwa baiskeli tupu, kosa ni la aliyepima, nguzo zing'olewe na mwanya upanuliwe, jina na sahihi yangu.

Madam aliisoma mara mbili. "Zing'oe kesho," akasema.

Kamati ilipofika, mwenyekiti wao aliuliza kwa nini mashimo ya nguzo za kwanza yamezibwa kwa saruji mbichi. Nilimweleza mwenyewe, sikumwachia Meneja. Mama mmoja wa kamati akasema, "Kwa hiyo ulijengea baiskeli zinazokwenda mkutanoni?" Walicheka hadi wakashika magoti. Wakati huo Ochola alikuwa anapita na tenga lake, hakushuka wala hakupunguza mwendo. Mwenyekiti alimtazama mpaka akaingia sokoni. Fedha ziliingia kwenye bajeti iliyofuata.

Pikipiki nazo hujaribu kupita, siwezi kuficha. Wauza kuku huzifukuza wenyewe, kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Cheo hakikuja mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Madam alihamishwa, na waliokuja baada yake walifungua faili langu wakakutana na ile mistari minne. Nilistaafu nikiwa fundi sanifu, vile vile nilivyoingia.

Vijana wa mipango hunijia nyumbani na ramani zao. Nawaambia waende siku ya soko, wapime mzigo, na wapime tena mvua ikinyesha. Mke wangu huwaletea chai, huku akinicheka mbele yao. "Wenzake walistaafu na vyeo," huwaambia. "Huyu wangu alitoka na mwanya."

"Mwanya wa mita moja na nusu," huwa namjibu, "na nimeupima mwenyewe."