Kombe la Farasi na Jiwe la Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kupanda farasi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila mgeni aliyeingia sebuleni kwetu, mtaa wa Observatory, Johannesburg, na kuliona lile kombe la fedha juu ya kabati, alimpongeza, naye alizipokea pongezi hizo kwa unyenyekevu wa mtu aliyezistahili.

Kombe ni la mbio za farasi za mwaka 1953. Baba mkwe wangu alikuwa mtunza farasi wa Kapteni mmoja, na ukoo mzima husimulia kwamba farasi aliyelishinda hakukubali kutoka bandani mpaka baba mkwe amwimbie. Kapteni alipouza farasi wake na kurejea kwao ng'ambo, alimwachia mwimbaji kombe. Mume wangu alilirithi aliporudi kutoka uhamishoni Tanzania mwaka 1991, akiwa na watoto watatu na mke wa Kitanzania, yaani mimi. Alilisugua kila Jumapili kwa dawa ya meno. Nami nilipofaulu mtihani wa kumaliza sekondari mwaka 2011, nikiwa na miaka hamsini na miwili, baada ya kusoma jioni mtaa wa Braamfontein pamoja na vijana walioniita bibi, alilijaza karanga, akaniketisha mbele ya majirani, akatoa hotuba ndefu kunihusu mimi. Katikati ya hotuba alihamia kwa farasi na hakurudi.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Juni 2015. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alisubiri matanga yaishe ndipo akanijia. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili. Kwa Kizulu yalikuwa makali zaidi.

"Makoti," alisema. Ndivyo wanavyomwita bibi harusi huku, nami nilikuwa bibi harusi kwa mwaka wa thelathini na tatu. "Kombe la baba yangu limekaa kwako kama mgeni. Litakuja Soweto."

"Mgeni ni kombe au ni mimi, wifi?"

"Bado sijaamua."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyeishi nasi Morogoro na anayekijua Kiswahili vizuri, ndiye aliyetupatanisha. Huku, baada ya mwaka mmoja au miwili, jiwe la kaburi husimikwa, likafunikwa blanketi, kisha likafunuliwa mbele ya ukoo wote. Alipendekeza kwamba nikimwekea marehemu jiwe la heshima, kombe libaki Observatory; nikishindwa, liende Soweto. Wifi alikubali kwa sharti kwamba mjane asilione jiwe kabla ya siku yenyewe, na kwamba sifa za marehemu zitakazochongwa, kwa desturi ya ukoo, atazileta yeye, kwa kuwa mimi, alisema, ningezikosea.

Fundi wa mawe nilimpata Machi 2017, mtaa wa jirani, Yeowilo, kama wautamkavyo Wakongo wa mtaa wetu. Ni mtu wa Lubumbashi, mpole, anayejua Kifaransa na Kiswahili cha kwao lakini si Kiingereza, na mkono wake ni wa ajabu: chochote anachokiona anakichonga kilivyo. Nilimpa jina la marehemu na tarehe zake mbili, nilizozihakiki mara kadhaa, nikampa na kombe ili aige picha ya farasi iliyochongwa ubavuni mwake. Nikamwambia sifa za marehemu zitakuja. Alinirudishia kombe baada ya wiki moja, likiwa limefungwa kwenye taulo.

Jumamosi, tarehe 17 Juni 2017, tulikusanyika makaburini. Baridi ilikuwa kavu, ile ya Johannesburg inayopasua midomo. Kombe lilikuwa mezani, karibu na maua, na wifi alikuja na shali nene ya kulibebea. Shemeji alivuta blanketi. Jina lilikuwa sahihi. Tarehe zilikuwa sahihi. Farasi alikuwa mzuri kiasi kwamba wanawake walipiga vigelegele, nami nikajiruhusu kumtazama wifi machoni.

Mchungaji, kama ilivyo desturi, alisoma jiwe lote kwa sauti. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, naye alisoma kwa ile sauti ya ibada isiyojali inachosoma.

"Dume wa rangi ya kahawia," alisoma. "Amehasiwa. Umri, miaka minne."

"Amina," walijibu waliokaa nyuma.

"Mshindi kwa urefu wa shingo. Mmiliki wake ni Kapteni..." Hapo mchungaji aliinua macho.

Binamu mmoja wa marehemu akauliza, "Amehasiwa lini?"

"Na hawa watatu walitoka wapi?" akauliza mwingine, akiwaonyesha wanangu kwa fimbo.

Mimi, niliyekuwa shahidi pekee mwenye habari kamili, nilinyamaza kwa heshima ya mahali.

Fundi aliitwa. Alikuja akifurahi, akidhani anapongezwa. Shemeji alimtafsiria hasira za ukoo, naye akashika kichwa.

"Mama, mulisema sifa za baba zinakuja! Mi nikangoja, nikangoja, hapana kitu. Nikaona kombe iko na maneno mingi. Nikasema, voilà, sifa ni hizi. Nani anaandika matusi kwa kombe ya feza?"

Swali lilikuwa la haki. Shemeji alilitafsiri polepole, kisha akauliza nani alikuwa alete sifa. Ukoo mzima ulimgeukia wifi.

"Simu yangu ilikufa," alisema wifi.

"Kwa miezi mitatu?" aliuliza shemeji.

"Ilikufa vibaya."

Fundi alipapasa jiwe, akaligonga kwa ukucha. Jiwe lilikuwa jembamba, alisema. Angeweza kuziba na kuchonga upya mstari mmoja tu, zaidi ya hapo lingepasuka. Tuchague.

Sijapata kuona ukoo ukijadiliana kwa bidii vile. Binamu walitaka neno la kuhasiwa litoke, kwa heshima ya wanaume wa familia. Mchungaji aliona aibu zaidi kwa ile miaka minne. "Hiyo ibaki," alisema shemeji, "kwa tabia zake ni sawa kabisa." Ndipo wifi akapiga mguu chini.

"Mtoe Kapteni! Mdogo wangu alikaa uhamishoni karibu nusu ya maisha yake ili asiwe na bwana. Leo alale hapa ameandikiwa mmiliki? Kuhasiwa wacha. Watu wataona watoto."

Hakuna aliyepinga. Lakini fundi akainua kidole. Kiraka hakiwezi kuachwa wazi, alisema, kitaonekana kama bandeji. Lazima jina jingine likae juu yake.

"Andika ukoo," alisema binamu. Fundi alipima kwa vidole jina refu la ukoo, akatikisa kichwa. Lingefika kaburi la jirani.

Wifi alisimama akilitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachokipima, kwa maana nami nilikuwa nakipima.

"Mwandike huyu," alisema hatimaye. "Mkewe. Afadhali amilikiwe na Mtanzania kuliko Kapteni."

Shemeji hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. "Sote tumesikia. Basi mwenye mtu ndiye mwenye kombe."

Wifi alilitazama kombe, akacheka kile kicheko cha marehemu, kinachoanzia tumboni, hata mchungaji naye akacheka, na fundi, ambaye hakuelewa neno, akacheka kuliko wote.

Jumatano iliyofuata, tarehe 21 Juni, mstari ulirekebishwa. Kwa hiyo mume wangu, mpaka leo, ni dume wa kahawia, amehasiwa, ana miaka minne, alishinda kwa shingo, na mmiliki wake ni mimi. Lakini siku ile ile ya Jumamosi wifi alilibeba kombe mwenyewe mpaka kwenye gari la mwanangu lililokuwa likirudi Observatory, akaliviringisha kwa shali yake, akaliweka kiti cha mbele na kulifunga mkanda wa usalama.

"Na mimi nikae wapi?" nilimuuliza.

"Nyuma, makoti," alisema. "Mbele amekaa baba."