Shavu la Jerusa na Chungu cha Majivu

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya michai. Kepher Ogola anashuka kutoka kiwandani na debe linaning'inia kwenye mti begani mwake. Ndani ya debe mna majivu ya tanuru. Hakimbii, lakini hasimami kusalimiana na mtu. Majivu yakipoa njiani, safari ni bure.

Nyuma ya kambi ya wafanyakazi, hatua ishirini kutoka nyumba ya mwisho, mkewe Jerusa Ajwang amepiga magoti mlangoni mwa banda la udongo. Ogola anamimina majivu katika chungu kilichozikwa sakafuni hadi shingoni. Anakifunika kwa kigae na kutandaza udongo juu yake, unene wa vidole viwili. Kisha anarudi nyuma na kungoja.

Jerusa anainama. Analaza shavu lake juu ya udongo ule na kufumba macho kama mtu anayesikiliza.

"Toa kidogo," anasema.

Ogola anafunua chungu, anachota majivu viganja viwili kwa mikono mitupu na kuyatupa nje. Jerusa anainama tena.

"Hapo."

Basi kikapu kinafunuliwa, na vifaranga thelathini na watano wa siku tisa wanatawanyika juu ya sakafu yenye joto. Mama zao watatu wanatoka kuparua majani yenye umande. Ogola anakaa juu ya kigogo na kuvuta pumzi. Tangu saa sita usiku alikuwa mbele ya moto.

Ogola ana miaka arobaini na moja. Alitoka Karachuonyo, upande wa ziwa, mwaka 1927, akaja huku Kericho kung'oa visiki ili michai ipandwe. Kiwanda kilipojengwa akapewa kazi ya kulisha kuni tanuru linalokausha majani. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka minane sasa. Mshahara wake ni shilingi kumi na sita kwa mwezi, pamoja na unga wa posho.

Tanuru limempa kitu kingine ambacho hakukiomba. Viganja vyake vimekuwa vyeusi na vigumu kama kwato. Akiwasha kiberiti kuwasha kiko, kijiti huungua mpaka mwisho kati ya vidole vyake, na ni mtu mwingine anayemwambia akitupe. Wenzake wa zamu humcheka. Lakini mikono hiyo ndiyo iliyomweka kazini wakati wengine walishindwa na joto wakarudi kuchuma majani.

Kuku walikuja na Jerusa mwaka 1933. Alitembea nao kutoka nyumbani, mitetea wawili ndani ya kikapu kichwani, na jogoo alimnunua soko la Sosiot. Ogola akawajengea banda kama alivyomwona baba yake akijenga: la fito zilizosukwa, juu ya miguu minne, upepo ukipita huku na kutokea kule.

Lilikuwa banda zuri kwa ziwa. Kwa Kericho lilikuwa kaburi. Alasiri moja ya mwezi wa nne mvua ya mawe ilipiga kwa muda wa kupika ugali, na ilipokwisha vifaranga kumi na tisa walikuwa wamelala chali.

"Kule kwetu kuku anatafuta upepo," Ogola anasema. "Hapa upepo ndio unamtafuta kuku."

Baada ya hapo kuku walilala ndani ya nyumba, chini ya kitanda na karibu na mafiga. Ndivyo kambi nzima ilivyofanya. Jerusa aliuza mayai kwa Gachanja, mfanyabiashara kutoka Nyeri mwenye duka Sosiot. Hakuonja hata moja. Kwao mwanamke hali kuku wala yai, na ingawa mwalimu wa kanisa amemwambia kwamba si dhambi, anasema kichwa kimesikia lakini tumbo bado.

Mwaka huu wa 1936 Ogola alitaka kundi likue haraka. Kuku wa kienyeji hufunika vizuri mayai kumi, labda kumi na moja. Ukimwekea kumi na tano, ya pembeni yanapata baridi na kuoza. Ogola alikuwa akitupa majivu ya moto kila asubuhi nyuma ya kiwanda, na siku moja akajiuliza kwa nini. Akazika chungu cha majivu kando ya kiota, ndani ya nyumba, ili majivu yasaidie pale ambapo mabawa hayafiki.

Wazo lilikuwa jema. Aliyepima joto ndiye aliyeharibu.

Ilikuwa mwezi wa saba. Ogola aliweka kiganja juu ya udongo, akaona ni vuguvugu tu, akaongeza majivu. Kuku akasimama na kutoka kiotani. Ogola akamrudisha. Akatoka tena. Mara ya tatu Ogola akakasirika, akamfunika kwa kikapu na kuweka jiwe juu, akaenda kazini.

Jerusa alikuwa mtoni akifua. Aliporudi alisikia kuku akilia. Aliinua kikapu na kukuta kuku amesimama kwa mguu mmoja, kifua chake chekundu. Alivunja yai moja. Lilikuwa limeiva kama la kuchemsha, na mtoto ndani yake tayari alikuwa na mdomo. Yote kumi na manne yalikuwa hivyo hivyo. Kuku yule hajalalia mayai tena mpaka leo.

"Kuku aliniambia mara tatu," Ogola anasema. Haoni sababu ya kuificha habari hiyo. "Alikuwa na akili kuliko mimi. Mimi nilifikiri ni mvivu."

Jerusa hakumgombeza. Alimwita karibu, akamwambia aweke mkono juu ya udongo, kisha akaweka shavu lake mwenyewe na kulitoa haraka. Likabaki na alama nyekundu. Ogola akaitazama alama hiyo, akatazama kiganja chake. Tangu siku hiyo wamepatana: majivu ni ya baba, kupima ni kwa mama.

Jumatatu moja mwanzoni mwa mwezi huu nyapara wa kambi, Kebaso, alipita mlango kwa mlango akisema amri ya meneja. Funza na panya wamezidi. Kuanzia Jumamosi, kuku hatalala tena ndani ya nyumba ya mfanyakazi. Mwenye banda la ukuta mzima na sakafu ngumu, hatua ishirini kutoka nyumba za watu, atawaweka huko baada ya karani wa afya kulikubali. Asiye na banda, askari watabeba kuku wake.

Wiki hiyo kambi ilinuka mchuzi. Waliokuwa na kuku wawili au watatu waliwala. Wenye zaidi waliwapeleka kwa Gachanja, naye Gachanja, ambaye si mtu wa kuiacha bahati ipite, alipanda mwenyewe mpaka kambini na kumpa Ogola bei ya wote thelathini na mmoja: senti hamsini kila kichwa, nusu ya bei ya soko. Alimwambia kwa upole kwamba Jumamosi bei itakuwa sifuri.

Ogola angeweza kukubali. Lakini mitetea watatu walikuwa juu ya mayai arobaini na matano, siku ya kumi na tano. Yangeanguliwa Jumapili, siku moja baada ya ukaguzi. Kuku anayelalia ukimhamisha hovyo huyaacha mayai, na yakipoa wakati huo hayana dawa. Kundi lote la mwaka ujao lilikuwa ndani ya maganda yale.

Akamwambia Gachanja arudi Jumapili, ale chakula cha mchana pamoja nao. Gachanja alicheka, akasema atakuja na kikapu kikubwa.

Ogola alijenga kila alasiri, akiisha kulala saa chache. Alikata fito, akakandika udongo, akapiga sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, akatengeneza mlango kwa mbao za masanduku ya chai yaliyovunjika. Kuzunguka banda alimwaga majivu mazito, kwa sababu siafu hawavuki majivu. Kebaso alikuwa akipita na kusimama.

"Wewe Ogola," alimwambia siku ya tatu, "hii nyumba ni nzuri kuliko yako. Usiku mama akikufukuza utapiga hodi hapa?"

"Nitapiga," Ogola alijibu. "Jogoo hafungi mlango."

Alhamisi jioni waliwahamisha wale mitetea watatu wanaolalia. Kazi hiyo aliifanya Jerusa, kama bibi yake alivyomfundisha. Hakumshika kuku hata mmoja. Aliingiza ungo chini ya kila kiota, akakiinua na nyasi zake na udongo wake, kuku akiwa bado amekaa, na juu yake akafunika gunia ili asione kwamba dunia inatembea. Watatu wote wakawekwa kuzunguka chungu kipya katikati ya banda. Magunia hayakuondolewa mpaka asubuhi.

Ijumaa wawili walikula na kurudi kukaa. Wa tatu, mwekundu, alisimama mlangoni na kukataa. Ogola alikuwa ametoka zamu na macho yamevimba kwa usingizi. Alimshika, akamrudisha. Akatoka. Alimrudisha tena. Akatoka. Ogola akachukua kikapu.

Jerusa alikishika kikapu hicho upande wa pili. Hawakuvutana, lakini hakuna aliyeachia.

"Baba Apiyo," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "muulize kwanza."

Akaachia, akaingia banda kwa magoti, akaweka shavu kwenye kiota cha yule mwekundu. Joto lilikuwa limepita kiasi upande huo. Ogola alikuwa ameongeza majivu alfajiri bila kumwamsha mkewe, kwa kumhurumia. Walitoa nusu ya majivu na kukaa nje. Baada ya muda mrefu kuku aliingia mwenyewe, akageuza mayai kwa mdomo, akaketi.

Jumamosi saa nne karani wa afya alikuja na Kebaso, amevaa viatu vyeupe na kushika kitabu. Alipima hatua, akagonga ukuta, akaridhika. Kisha akaona mvuke mwembamba ukitoka kwenye udongo.

"Hii chungu iko na moto?" aliuliza. "Chini ya paa la nyasi? Toa."

Ogola alimweleza kwamba ni majivu tu, hakuna kaa la moto. Karani alisema toa. Ogola akafunua chungu, akazamisha mkono wake ndani mpaka kifundoni, akauacha humo huku akimtazama usoni. Karani hakusogea.

"Huo si mkono," alisema. "Huo ni mti. Hauwezi kunionyesha kitu."

Alisema kweli. Kebaso alitazama chini. Kama chungu kingetolewa siku hiyo, mayai ya pembeni yasingefika Jumapili, na kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa mwenye kitabu.

Jerusa alisogea. Alirudisha kigae na udongo, akapiga magoti mbele ya viatu vyeupe, akalaza shavu lake juu ya chungu na kulituliza hapo. Kuku watatu walikaa kumzunguka bila kutikisika. Kebaso anasema mtu angeweza kuhesabu mpaka mia. Alipoinuka shavu lake lilikuwa na vumbi tu.

Karani akainama, akajaribu kwa nyuma ya mkono wake. Akaandika. Alipokuwa akiondoka alisema paa la nyasi libadilishwe kwa bati la madebe kabla ya mwisho wa mwaka, na kwamba sheria ni sheria.

Jumapili walipotoka kanisani walisikia sauti kabla ya kufika. Kufikia Jumatatu mchana mayai thelathini na manane yalikuwa yameanguliwa. Vifaranga wawili walikufa siku ya kwanza, mmoja alichukuliwa na mwewe. Gachanja alikuja Jumapili kweli, na kikapu chake. Alikula ugali na mboga, akaondoka na mayai kumi ya kuku wengine, kwa bei ya soko.

Sasa kundi lina vichwa sitini na sita. Madebe tisa yaliyopasuliwa yameegemezwa ukutani yakingoja misumari. Ogola anasema kabla ya mvua za masika watafika mia, na wakifika mia ataliacha tanuru. Atarudi ziwani kujenga banda la fito lenye miguu minne, na huko hatahitaji chungu. Alipoulizwa mikono itafanya nini, aliitazama kama vyombo vya mtu mwingine.

"Mzee mmoja aliyeacha kazi ya moto aliniambia ngozi inarudi," anasema. "Mwaka mmoja, miwili. Nataka kujua kama ni kweli."

Anamwokota kifaranga aliyebaki nyuma ya wenzake, mweusi, na kumweka katikati ya kiganja. Anamkunjia vidole polepole. Anamshika hivyo kwa muda, kisha anamnyooshea mkewe mkono.

"Huyu ana joto?"

Jerusa anamchukua na kumweka shavuni.

"Hana," anasema. "Mrudishe ndani."

Ogola anapiga magoti mlangoni na kumrudisha.